Picha ya ukoko imeipiga chini biriani yangu: hivi majaji wa picha za chakula wanatazama nini hasa?

#1 Lenzi ya Mchongo

Habari wakuu. Nina donge, naomba nilitolee hapa.

Huu ni mwaka wa tatu napeleka picha kwenye mashindano ya picha za chakula. Jina siyataji, waandaaji wengine mnaweza kuwa humu humu. Mwaka huu nilijipanga kwelikweli. Nilimlipa mpishi wa Kizanzibari anipikie biriani ya kuku, nikaazima lenzi ya milimita 100, nikanunua kitambaa cha meza Kariakoo, majani ya giligilani nikayapanga moja moja kwa kibano cha nyusi cha mke wangu. Picha ikatoka safi, punje za mchele unazihesabu.

Sikuingia hata kumi bora.

Aliyeshika nafasi ya kwanza kapiga sufuria jeusi limewekwa chini kwenye saruji, mikono mitatu ya watoto inagombea ukoko. Kona moja giza tupu, mkono mmoja umetikisika. Chakula chenyewe kimeungua! Sasa naomba wajuzi mnieleze, mimi sikuelewa swali au majaji hawajawahi kula biriani?

#2 Ukoko

Kwanza kabisa niheshimu.

Pili, uzi wa picha usio na picha? Hii ni chai.

#3 Fundi Lenzi

Mkuu, umetaja lenzi, kitambaa, mpaka kibano. Kitu kimoja hujakitaja: mwanga ulitoka wapi? Ulipiga saa ngapi?

#4 Mwakilishi wa Njaa

Naweka kambi. Mpaka sasa nilichoelewa ni biriani tu.

#5 Lenzi ya Mchongo

@Fundi Lenzi saa mbili usiku, sebuleni. Taa ya dari pamoja na flashi ya kamera.

@Ukoko picha naiweka, intaneti inasumbua.

#6 Fundi Lenzi

Basi kesi imekwisha, tufunge uzi.

Flashi ikimwaga mwanga kutoka mbele inafuta vivuli vyote. Chakula bila kivuli ni kama bango la ukutani, hakina unene. Halafu taa yako ya dari ni ya njano na flashi inaelekea buluu, kwa hiyo paja la kuku upande mmoja limeiva na upande wa pili linaonekana kama limetoka jokofuni. Ukirekebisha rangi ya huku unaiharibu ya kule.

Fanya hivi. Dirisha moja, taa zote zima. Sahani ikae ili mwanga uje kutoka ubavuni, au nyuma kidogo ya chakula, upande wa pili simamisha karatasi ya manila nyeupe irudishe mwanga kidogo. Mafuta yatang'aa yenyewe, mvuke utaonekana wenyewe. Na usitoke nje saa sita mchana. Jua la huku kwetu linashuka wima kwenye utosi, kila kiazi kinakuwa na kivuli cheusi chini yake kama kimewekewa kiatu. Jaji akiona mwanga mbaya hafiki kwenye chakula.

#7 Jicho la Tatu

Fundi, mwanga ni muhimu, sikatai, lakini mleta uzi kasema mshindi ana kona giza na mkono uliotikisika. Huo mwanga wa ufundi uko wapi hapo?

Tuseme ukweli. Majaji wengi, hasa wa nje, wanataka moshi, sufuria jeusi na mtoto asiye na viatu. Angalieni yale mashindano makubwa ya Uingereza, Pink Lady. Mwaka 2022 alishinda muuza kebabu wa Mumbai katikati ya moshi. Biriani ya mezani haiwasisimui, wanayo mikahawa ya kutosha mtaani kwao.

#8 Mzee wa Negativu

@Jicho la Tatu umechanganya picha mbili, na aliyeshinda ni mpiga picha, muuza kebabu hakushinda kitu. 2022 ni Debdatta Chakraborty wa India, picha inaitwa Kebabiyana, kaipiga Srinagar kule Kashmir, eneo la Khayyam Chowk. Ya Mumbai ni ya 2023: Jon Enoch, Mwingereza, alimpiga muuzaji wa ile pamba ya sukari wanayonunua watoto kwenye sikukuu. Moshi haumo.

Na Pink Lady ni tofaa. Kampuni ya matofaa ndiyo iliyoyadhamini tangu yalipoanza 2011, siku hizi yana jina jingine, yanaitwa World Food Photography Awards.

#9 Ukoko

Kumbe tofaa! Mimi miaka yote najua ni kampuni ya vipodozi 😂

#10 Jicho la Tatu

Asante kwa sahihisho mzee. Ila umenisaidia. Miaka miwili mfululizo, wauzaji wa barabarani wa India. Sahani iko wapi?

#11 Kibao cha Mbuzi

Shikamooni wakubwa. Mimi si mpiga picha, nauza chakula, mchana napeleka maofisini. Kila asubuhi naweka picha kwenye hali ya WhatsApp, na majaji wangu wanatoa hukumu kabla ya saa tano kwa kuagiza au kunyamaza.

Nilichokiona: nikipiga wali na samaki umejaa sahani, umepangwa, watu wanapita tu. Nikipiga wakati namwagia mchuzi, kijiko kiko hewani na tone linadondoka, simu haitulii. Siku moja nilipiga chapati imechanwa nusu, nyuzi zake zinaonekana, nikauza zote kabla sijavaa kanga ya kutokea. Chakula kikikaa kimya kwenye picha, hata mteja anakaa kimya.

Mleta uzi, biriani yako kuna mtu aliigusa?

#12 Lenzi ya Mchongo

Dada, nani aiguse? Nilimfukuza hata mpishi.

#13 Mwakilishi wa Njaa

Na baada ya picha iliendaje? Ilipoa? Ililiwa na nani? Hili ndilo swali la msingi.

#14 Kijana wa Bondeni

Salamu kutoka Mombasa. Hapo #11 ndipo penye maneno. Nyinyi mwatazama kamera, majaji watazama kama pana mtu. Hata mtu asipoonekana, pawe na alama yake: tonge limeshakatwa, kikombe kina nusu, mwiba wa samaki kando ya sahani. Nilipiga mahamri na mbaazi mara kumi, yakawa kama tangazo la hoteli. Mara ya kumi na moja mjomba akaja akang'ata moja akalirudisha sahanini, nikapiga kwa hasira. Hiyo ndiyo iliyochaguliwa kutundikwa kwenye maonyesho madogo hapa mjini.

Mjomba mpaka leo asema ile ni picha yake.

#15 Fundi Lenzi

Na mahamri yalikuwa karibu na dirisha au siyo?

#16 Kijana wa Bondeni

...yalikuwa barazani, asubuhi.

#17 Fundi Lenzi

Sina la kuongeza.

#18 Mtu wa Maskati

Assalamu alaikum. Niko Muscat, wazee wetu walitoka Unguja. Huku kwetu Idi kuna shuwa: nyama inapakwa viungo, inafungwa kwenye majani ya mgomba au makuti, inatiwa kwenye vifuko vya majani makavu, inafukiwa shimoni juu ya makaa, inakaa siku nzima au mbili. Siku ya kufukua mtaa mzima unakusanyika.

Nyama yenyewe ukiitoa ni laini mpaka inaachana na mfupa, lakini kwenye picha ni rundo la kahawia juu ya wali wa njano. Nimeipiga miaka minne, hakuna picha hata moja iliyonifurahisha. Mwaka uliopita niliacha nyama, nikapiga wale vijana wanavuta vifuko shimoni, mvuke umewafunika mpaka kiunoni, mmoja kageuza uso kwa joto. Niliipeleka mahali ikaingia kwenye orodha ya mwisho. Nyama haionekani kabisa! Binamu yangu akaniuliza, hii ni picha ya chakula au ya zimamoto?

Kwa hiyo nakubaliana na #14, lakini najiuliza swali la binamu pia. Kama chakula hakionekani, tunashindania nini?

#19 Mangi Mtori

Swali la binamu ni zito.

Na kabla hatujaendelea, wajuzi nisaidieni. Mtori unapigwaje picha? Ndizi zimepondwa, nyama imezama, rangi ya tope la Machi. Kwetu ndicho chakula cha mzazi, ukikionja unalia, ukikipiga picha kinaonekana kama kazi ya fundi saruji.

#20 Ukoko

Hahahaha "kazi ya fundi saruji". Nimecheka kwenye daladala watu wananitazama.

#21 Fundi Lenzi

@Mangi, kitu cha rangi moja usikipige kutoka juu, kitakuwa duara tu. Shuka, kamera ikae karibu usawa wa bakuli, mwanga utoke nyuma ili ule mgongo wa mtori upate mstari wa kung'aa. Nyama mbili tatu ziache zitokeze. Bakuli liwe la rangi iliyokolea, hata bluu ile ya bati. Na mvuke: upige dhidi ya kitu cheusi.

Ugali una ugonjwa wake tofauti. Kamera ikiona cheupe kingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, ugali unatoka kijivu. Mwambie iongeze mwanga hatua moja. Watu wanalaumu unga bure.

#22 Pwani Mchangani

Mvuke Dar tunausikia kwenye hadithi tu. Nimejaribu supu ya pweza, imetoka jikoni inachemka, kwenye picha hakuna hata uzi wa moshi.

#23 Mangi Mtori

Hamieni Moshi mwezi wa saba, hata mdomo wako ukiongea unatoa mvuke. Hewa ya baridi ndiyo inayoufanya uonekane. Dar joto linaumeza.

#24 Mzee wa Negativu

Nilikuwa napita tu, lakini #18 kanirudisha.

Niliwahi kukaa kiti cha jaji, mashindano madogo ya mkoa, si ya kujivunia. Tulikuwa watatu na mchana mmoja. Picha mia kadhaa. Raundi ya kwanza zinapita ukutani moja baada ya nyingine, unaandika ndiyo au hapana. Sekunde tatu, nne. Wengine siku hizi wanaangalia nyumbani kwenye skrini, zikiwa ndogo kama stempu. Kwa hiyo ile punje ya mchele unayoihesabu, Lenzi ya Mchongo, hakuna aliyeihesabu. Kilichofika ni umbo: duara la kahawia juu ya meza ya kahawia. Na kabla yako zimepita duara nyingine ishirini.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba picha nzuri ya kawaida ndiyo inayokufa mapema. Haimuudhi mtu, haina wa kuitetea. Kila jaji alikuwa na haki ya kuokoa picha mbili zilizokataliwa na wenzake, na hakuna aliyeokoa sahani iliyopangwa. Mimi niliokoa picha ya dagaa wameanikwa mchangani, kivuli cha mwanamke kimepita juu yao. Mwenzangu akasema dagaa si chakula mpaka wapikwe. Tulibishana nusu saa. Ile nusu saa ndiyo iliyoipa nafasi ya pili.

#25 Jicho la Tatu

Yaani mzee unakiri kuwa nafasi ya pili imetokana na wewe kuwa mbishi?

#26 Mzee wa Negativu

Na njaa. Chakula cha mchana kilichelewa.

#27 Mwakilishi wa Njaa

HATIMAYE mtu anaongea lugha yangu.

#28 Kibao cha Mbuzi

Mzee shikamoo. Swali: je, jaji akiwa ameshiba na akiwa na njaa anachagua picha tofauti?

#29 Mzee wa Negativu

Marahaba mwanangu. Baada ya kula tulichagua watu, kabla ya kula tulichagua nyama. Ila hiyo ni siku moja, usiandike kitabu.

#30 Pwani Mchangani

Hapo kwenye duara la kahawia nina la kusema. Rangi jamani. Biriani, pilau, mchuzi, mishkaki, maharage, vyote vya kwetu ni familia moja ya kahawia na njano, halafu tunaviweka kwenye meza ya mbao. Urojo una bahati: njano ya embe, bhajia, chatine nyeupe ya nazi, pilipili nyekundu. Pilau bila kachumbari pembeni imejificha.

#31 Kijana wa Bondeni

Lakini #18 pia ni kahawia yote na imefika orodha ya mwisho. Na mshindi wa ukoko ni mweusi juu ya mweusi.

#32 Pwani Mchangani

Mikono ya watoto ilikuwa na rangi gani? Ina mchele mweupe vidoleni au haina? Mleta uzi weka hiyo picha tuone, tunabishana gizani.

#33 Lenzi ya Mchongo

Siwezi kuweka picha ya mtu bila ruhusa. Lakini ndiyo, vidole vina mchele. Na sasa hivi nimeiangalia tena, kuna dirisha juu kushoto.

#34 Fundi Lenzi

😌

#35 Ukoko

Huyu Fundi ataandikiwa "dirisha" kwenye jiwe la kaburi.

#36 Mdau wa Matangazo

Mimi nafanya picha za biashara na nawaambia wazi, mnachanganya kazi mbili. Kwenye tangazo chakula ni mwigizaji. Matone ya "baridi" kwenye chupa ya soda ni gliserini. Ile asali nzito juu ya mkate inaweza kuwa oili ya gari. Maziwa kwenye nafaka za asubuhi, gundi nyeupe, ili zisizame. Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya supu ya Campbell iliingia matatani na serikali kwa kuweka gololi za kioo chini ya bakuli ili mboga zipande juu zionekane nyingi.

Mleta uzi kapeleka picha ya tangazo kwa watu wanaotafuta ushahidi. Giligilani iliyopangwa kwa kibano, jaji aliyezoea anainusa.

#37 Mangi Mtori

Gololi! Kumbe nyama zangu za mtori nazo zingepandishwa.

#38 Mtu wa Maskati

Astaghfirullah, oili ya gari.

@Mdau lakini kwenye mashindano mengine kuna kundi la picha za kibiashara pia, na humo sahani iliyopangwa inashinda. Huenda kosa la mleta uzi ni kundi aliloingia tu. Masharti yalisemaje?

#39 Lenzi ya Mchongo

Masharti yaliandikwa "Chakula na maisha".

#40 Kibao cha Mbuzi

Sasa kaka yangu, ukafukuza maisha yote mpaka mpishi.

#41 Ukoko

Dada kaua. Naomba uzi ufungwe mara ya pili.

#42 Jicho la Tatu

Usifungwe. "Maisha" ndilo neno lenyewe ninalolilalamikia. Kwa nini maisha yetu yawe ukoko tu? Mimi naishi, na nakula mezani, kwa kijiko. Shangazi yangu anapakua biriani ya harusi kwenye masinia arobaini, hayo si maisha? Ila ukiipiga inaitwa "picha ya hoteli". Mzee wa Negativu, wewe mwenyewe uliokoa dagaa. Ungeokoa sinia la shangazi?

#43 Mzee wa Negativu

Sinia arobaini zimepangwa chini na mwanamke mmoja katikati kashika upawa? Ningeiokoa kabla haijakataliwa. Niletee.

Sinia moja peke yake mezani, sijui.

#44 Pwani Mchangani

Hivi kwa kompyuta si mtu anaweza kutengeneza hayo masinia arobaini na shangazi bila shangazi? Majaji watajuaje?

#45 Mdau wa Matangazo

Imeshatokea pande zote mbili. 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kundi moja la Sony World Photography Awards kwa picha ya akili bandia, akaikataa zawadi mwenyewe na kutangaza. Mwaka uliofuata Miles Astray akageuza kibao, akapeleka picha ya kweli ya flamingo kwenye kundi la akili bandia la mashindano mengine, ikapata tuzo, akafichua, wakamwondoa.

Ndiyo maana mashindano mengi yanadai faili asili kutoka kwenye kamera ukifika mwisho. Na udanganyifu hauhitaji kompyuta. Kuna aliyenyang'anywa tuzo ya picha za wanyamapori ya 2009 Uingereza kwa sababu majaji waliamini mbwamwitu wake ni wa kufugwa.

#46 Kijana wa Bondeni

Basi kuku wa biriani naye achunguzwe kama ni wa kienyeji.

#47 Mwakilishi wa Njaa

Anayeongea kuhusu masinia arobaini aweke tarehe ya harusi.

#48 Lenzi ya Mchongo

Wakuu nimerudi. Wikiendi nilikuwa Tanga kwa mama mkwe, nikafuata ya humu. Taa nimezima, dirisha moja, asubuhi. Wali wa nazi, mbaazi, samaki wa kukaanga. Nilimwambia mama mkwe aendelee kupakua asinitazame. Simu tu, kamera nimeacha nyumbani.

*[picha imeambatishwa]*

Kuna mashindano mengine, mwisho wa kupokea picha ni leo saa sita usiku. Semeni.

#49 Ukoko

Hatimaye picha! Tumetoka kwenye chai tumeingia kwenye chakula.

#50 Fundi Lenzi

Mwanga naupa heshima. Umeona mafuta ya samaki yanavyong'aa kwenye mgongo? Ila ulikaribia mno na lenzi pana ya simu, sahani imevimba upande wa mbele kama beseni. Siku nyingine rudi nyuma hatua moja uvute mara mbili.

#51 Kibao cha Mbuzi

Ule mkono wenye upawa, na mchuzi bado unachuruzika... Ningeagiza. Sahani mbili.

#52 Pwani Mchangani

Samahani, hicho kitu cha kung'aa kona ya kulia karibu na ndimu ni nini? Kwanza nilidhani mwiba wa samaki.

#53 Lenzi ya Mchongo

Wapi?

...

Ni kibano.

#54 Ukoko

🤣🤣🤣 NIMEKUFA

#55 Mdau wa Matangazo

Kata hiyo kona haraka. Jaji akikiona anawaza nyusi, akiwaza nyusi anawaza nywele, na nywele kwenye chakula umeondoka raundi ya kwanza.

#56 Mzee wa Negativu

Usikate. Ukikata kona hiyo mkono wa mama unakosa pa kwenda, picha inalalia kushoto. Na mimi ningekuwa jaji ningesimama hapo hapo kwenye kibano kujiuliza kimefikaje.

#57 Mtu wa Maskati

Kusimama na kushinda si kitu kimoja, mzee.

#58 Jicho la Tatu

Kifute kwa programu, kazi ya sekunde tano.

#59 Mdau wa Matangazo

Halafu wakiomba faili asili? Kukata kingo mengi yanaruhusu, kufuta kitu wengi hawaruhusu. Soma masharti kwanza.

#60 Mangi Mtori

Saa tano na nusu hiyo mkuu. Umeamua?

#61 Lenzi ya Mchongo

Mke wangu amekuwa akisoma uzi huu tangu #1, sikujua. Anasema mkikate msikikate hiyo ni shauri yenu, yeye anachotaka ni kibano kirudi, amekitafuta tangu mwezi uliopita.

Nimetuma.

#62 Pwani Mchangani

Umetuma ipi??

#63 Mwakilishi wa Njaa

Mbaazi zilibaki?